Msiombe Mnato Mwingi

Enyi mnaokesha na milinganyo ya Navier na Stokes, nina neno nanyi. Ninyi walimu wa vyuo mlioiacha mkisema ni ya wenyewe huko Paris na Princeton. Ninyi wanafunzi wa shahada ya pili mnaotafuta mada ya tasnifu, mkaogopa kuitaja hii mbele ya wasimamizi wenu. Na ninyi pia, nawaona, mlioandika kurasa kadhaa mkaziita uthibitisho kamili, kisha mkakaa kungoja dola milioni moja zilizoahidiwa na Taasisi ya Clay mwaka 2000. Sikieni nyote. Mmekuwa mkiomba kitu ambacho hakitawafikisha. Mmekuwa mkiomba mnato mwingi, ilhali swali la kuuliza ni mnato huo umekaa upande gani.

Jambo lenyewe lasemeka kwa maneno machache. Mwaka 1822 Claude-Louis Navier, mhandisi wa madaraja wa Ufaransa, aliupeleka mbele ya Akademia ya Sayansi ya Paris mlinganyo wa maji yanayotiririka. Mwaka 1845 George Gabriel Stokes wa Cambridge akaufikia kwa njia yake mwenyewe. Mlinganyo unasema kwamba mwendo wa tone la maji hubadilika kwa sababu tatu: tone hubebwa na mkondo wenyewe, husukumwa na kanieneo, na huvutwa nyuma na mnato, yaani msuguano wa tabaka moja la maji dhidi ya tabaka jirani. Juu ya hayo kuna sharti: maji hayabanwi, kiasi kinachoingia mahali ndicho kinachotoka. Sasa, ukianza na mkondo laini, usio na mpasuko wala kona, je, utabaki laini milele? Au ipo siku kasi mahali fulani itapanda bila kikomo na mlinganyo ulipuke mikononi mwetu? Katika dimensheni mbili jibu lipo: utabaki laini. Katika tatu, hizi tunamoogelea, hakuna ajuaye.

Jean Leray alifika mbali kuliko wote waliomtangulia. Mwaka 1934, katika jarida la Acta Mathematica, alionyesha kwamba suluhisho la namna fulani lipo daima. Leo twaliita suluhisho dhaifu, kwa sababu hatujui kama ni laini, wala kama ni moja tu. Silaha yake ilikuwa nishati: jumla ya nishati ya mwendo haiongezeki, mnato huila kidogo kidogo. Kisha vita vikaja. Wajerumani walimteka mwaka 1940, akakaa mateka hadi 1945 katika kambi ya maofisa huko Austria, na humo akaficha kwamba yeye ni bingwa wa vimiminika, asije akalazimishwa kuutumikisha ujuzi wake kwa vita vya adui. Akajitambulisha kuwa mtu wa topolojia, akaifundisha mle kambini, na akatoka na topolojia mpya kabisa. Mjue basi ni watu wa namna gani waliolibeba swali hili kabla yenu, mnaolalamika kwamba umeme umekatika.

Fungueni madaftari. Chukueni mkondo wowote unaoutii mlinganyo, muufinye hadi nusu ya ukubwa wake katika kila upande. Ili uendelee kutii, kasi yake lazima izidishwe mara mbili na saa yake ikimbie mara nne. Hesabuni nishati. Kasi mara mbili, mraba wake mara nne; ujazo katika dimensheni tatu umebaki thumuni. Nne mara thumuni ni nusu. Mmeona? Mkondo uliofinywa, wenye kasi zaidi na hatari zaidi, unagharimu nusu tu ya nishati. Ufinyeni tena, robo. Tena, thumuni. Sheria ya nishati, mlinzi tunayemtegemea, inazidi kulegea kadiri hatari inavyojificha katika udogo. Katika dimensheni mbili ujazo ungekuwa robo, na nne mara robo ni moja. Mlinzi halegei hata kidogo. Hilo ndilo pengo lote kati ya mbili na tatu. Anayeniambia amelithibitisha swali hili kwa nishati peke yake, namuuliza kwanza: hiyo nusu umeipeleka wapi?

Basi wakaja waliosema, ongeza mnato. Mwaka uleule wa 1822 Joseph Fourier alikuwa amechapisha kitabu chake cha joto, akatufundisha kulivunja umbo lolote kuwa mawimbi. Kwa macho hayo mnato wa kawaida una tabia moja: ukipunguza urefu wa wimbi kwa nusu, kasi ya kufifia kwake inazidishwa mara nne, yaani mbili kwa kipeo cha pili. Hakuna anayemkataza mwanahisabati kubadilisha kipeo hicho. Mpe mnato kipeo alfa, ili wimbi lililokatwa nusu lififie kwa mbili kwa kipeo cha alfa mara mbili. Alfa ikiwa 1, tuna maji ya Navier na Stokes. Ikiwa nusu, wimbi linafifia mara mbili tu. Ikiwa 5/4, linafifia kama mara 5.66. Alfa hailazimiki kuwa namba nzima, na ndiyo maana twauita mnato wa sehemu.

Sasa rudieni hesabu ya kufinya kwa alfa ya 5/4. Ukifinya nusu, kasi inapaswa kuzidishwa kwa mbili kwa kipeo cha moja na nusu, kama 2.83. Mraba wake ni 8. Ujazo, thumuni. Nane mara thumuni ni moja! Mlinzi amesimama wima. Jacques-Louis Lions aliliweka hili katika kitabu chake cha mwaka 1969: katika dimensheni tatu, mnato wenye kipeo cha 5/4 au zaidi huulinda ulaini milele, kwa mkondo wowote wa kuanzia, uwe mkubwa namna gani. Terence Tao mwaka 2009 aliupunguza mnato huo kwa kiasi cha logarithimu tu, na hata punguzo dogo hilo likahesabiwa kuwa habari. Halafu Tianwen Luo na Edriss Titi wakaja kuonyesha, mwaka 2020, kwamba chini ya 5/4 masuluhisho dhaifu ya aina fulani si ya pekee: mwanzo mmoja, mienendo miwili. Kwa hiyo msidhani 5/4 ni namba ya bahati. Imesimama pale kwa haki.

Lakini tazameni tulivyofanya wavivu baada ya hapo! Tulipoambiwa 5/4 inatosha, tukaimwaga kila mahali, katika kila mlinganyo na kila mwelekeo, tukaridhika. Nani aliwaambia kwamba inahitajika kila mahali? Kipi katika uthibitisho kililia kikidai mnato wa wima, na kipi kikidai wa mlalo? Hamkuuliza. Mlihesabu jumla mkaacha kusoma hati. Tubuni uvivu huo, maana maji yenyewe hayajawahi kuwa na tabia moja kila upande.

Nendeni baharini. Wastani wa kina cha bahari za dunia ni kama kilomita 4, na upana wake ni maelfu. Mizunguko ya maji inayochanganya bahari kwa mlalo ina nguvu nyingi mno kuliko ile inayochanganya kwa wima, na kila anayeandika programu ya kompyuta ya mikondo anaipa namba mbili tofauti za mnato, moja ya mlalo na moja ya wima. Mwaka 1905 Vagn Walfrid Ekman alieleza kwa nini barafu ambayo Fridtjof Nansen aliiona kutoka melini ikielea, katika safari yake ya Aktiki, haikufuata upepo moja kwa moja bali iliegemea kulia kwake: mzunguko wa dunia na mnato wa wima hushindana katika tabaka jembamba la juu, na maji hujipinda kadiri unavyoshuka. Sisi tuna ushahidi wetu karibu zaidi. Kusi ikivuma katika pwani ya Somalia, mkondo unageuka kuelekea kaskazini, maji ya juu yanasukumwa kutoka pwani, na maji baridi yanapanda kutoka chini kujaza nafasi. Kaskazi ikirudi, mkondo nao unarudi. Mwenye jahazi hajawahi kudhani kwamba juu-chini na mashariki-magharibi ni kitu kimoja. Iweje mwanahisabati adhani?

Jean-Yves Chemin, Benoît Desjardins, Isabelle Gallagher na Emmanuel Grenier walilikubali hilo. Mwaka 2000 waliuchukua mlinganyo wa dimensheni tatu wakaufuta mnato wa wima kabisa. Sufuri. Wakabaki na ule wa mlalo. Mtu wa kawaida angesema wamekata tawi walilokalia. Wao wakaonyesha kwamba suluhisho lipo kwa muda fulani kwa mwanzo wowote wa aina waliyoiainisha, na lipo milele mwanzo ukiwa mdogo, sawa na tunavyopata kwa mnato kamili. Dragoş Iftimie akawafuata miaka miwili baadaye kuimarisha upekee. Waliwezaje?

Hapa nawaomba msiruke mstari hata mmoja, maana moyo wa jambo uko hapa. Kasi ina komponenti tatu: ya mashariki, ya kaskazini na ya juu. Ukitafuta kadirio la ulaini katika mwelekeo wa wima, ambako mnato haupo, kuna neno moja baya linalojitokeza: derivativu ya wima ya komponenti ya juu, ikizidishwa na mraba wa kitu unachojaribu kukidhibiti. Huna mnato wa kulipia neno hilo. Mfuko ni mtupu. Lakini kumbukeni sharti la maji yasiyobanwa! Linasema jumla ya derivativu tatu, ya mashariki ya komponenti ya mashariki, ya kaskazini ya komponenti ya kaskazini, na ya wima ya komponenti ya juu, ni sufuri. Basi derivativu ya wima mnayoiogopa ni sawasawa na hasi ya zile mbili za mlalo. Ifuteni. Ziandikeni hizo mbili mahali pake. Na hizo mbili, ndugu zangu, mnazo mfukoni; mnato wa mlalo umezilipia tayari. Mwelekeo maskini umekopa kwa majirani wawili, na mdhamini wa mkopo ni sharti lililokuwa limeandikwa katika mstari wa pili wa mlinganyo tangu mwanzo. Wangapi kati yetu tuliusoma mstari huo wa pili kama pambo, kitu cha kufutia kanieneo tu na kuendelea?

Deni halilipiki bila hesabu nzuri ya mielekeo, na hesabu hiyo ina asili safi. Mwaka 1949 Lynn Loomis na Hassler Whitney walithibitisha kwamba mraba wa ujazo wa umbo lolote hauzidi zao la maeneo ya vivuli vyake vitatu, likitazamwa kutoka pande tatu. Chukueni kiboksi chenye pande za sentimeta 2, 3 na 5. Ujazo wake ni 30, mraba wake 900. Vivuli vyake ni 6, 10 na 15, na zao lake ni 900. Kwa boksi ni sawa kabisa. Kwa kiazi au jiwe upande wa ujazo unapungua. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuijaribu hii kwa rula. Na hicho hicho, kikivikwa derivativu, kinakuambia kwamba ukizidisha vitu vitatu na kujumlisha nafasi nzima, huhitaji kila kimoja kiwe na derivativu za pande zote. Kimoja kikitoa ya mashariki, cha pili ya kaskazini na cha tatu ya wima, jumla inadhibitika. Kila mmoja analeta alicho nacho. Chongsheng Cao na Jiahong Wu, na wengi waliofuata, wamejenga nyumba nzima juu ya makadirio ya namna hii kwa vimiminika vyenye sumaku na kwa vile vinavyosukumwa na joto.

Mbegu ya makadirio hayo ilipandwa zamani kabla ya Cao na Wu. Olga Ladyzhenskaya alikuwa na kadirio lake maarufu la dimensheni mbili, alilotumia mwishoni mwa miaka ya 1950 kulimaliza swali la dimensheni mbili hata ndani ya chombo chenye kuta. Fungueni uthibitisho wake. Anatembea mashariki kwanza, anaandika anachopata; anatembea kaskazini, anaandika; ndipo anazidisha. Mwelekeo mmoja mmoja! Huyu ni mwanamke ambaye baba yake, mwalimu wa hisabati, aliuawa na dola ya Stalin mwaka 1937, na yeye mwenyewe akanyimwa nafasi katika Chuo Kikuu cha Leningrad mwaka 1939. Kadirio lake lina mistari isiyozidi kumi, nasi tumelitumia miaka sitini bila kuona kwamba lilikuwa linatufundisha kutembea.

Basi tazameni mavuno ya waliotembea hivyo. Mwaka 2007 Cao na Titi waliithibitishia dunia kwamba milinganyo ya msingi ya bahari, ile ambayo watabiri wa mikondo huitumia baada ya kurahisisha mwelekeo wa wima, ina masuluhisho laini milele katika dimensheni tatu. Milele, nasema, na kwa mwanzo mkubwa! Mwaka 2016, pamoja na Jinkai Li, wakaonyesha kwamba mnato na mtawanyiko wa mlalo peke yake unatosha. Katika mlinganyo wa joto la uso wa angahewa, ambao Alexander Kiselev, Fedor Nazarov na Alexander Volberg waliushinda mwaka 2007 katika kipeo chake cha mpaka, nusu, Wu na wenzake wameonyesha kwamba vipeo vya pande mbili vinaweza kutofautiana: mmoja ukipunguziwa, mwingine ukiongezewa ipasavyo, ulaini unabaki.

Na juu ya 5/4 yenyewe. Wanrong Yang, Quansen Jiu na Jiahong Wu, mwaka 2019, hawakuipunguza namba. Walifanya jambo la busara zaidi: waliuliza inahitajika wapi. Andikeni jedwali la vyumba tisa, milinganyo mitatu ya komponenti kwa mielekeo mitatu. Lions alijaza vyote tisa. Wao wakaondoa mwelekeo mmoja katika kila mlinganyo, wakabaki na sita, na suluhisho likabaki kuwapo milele na kuwa la pekee. Theluthi nzima ya mnato ilikuwa haina kazi! Miaka hamsini tuliilipia bure.

Najua wapo watakaoguna: milinganyo hii ya vipeo vya ajabu si maji ya kweli, na tuzo ya Clay ni ya maji ya kweli, alfa ikiwa 1 pande zote. Nakubali, na wala simuahidi mtu milioni. Lakini nawauliza, mnataka kulifikia swali la kweli kwa njia ipi? Tao huyohuyo, mwaka 2016, aliunda mlinganyo unaofanana na wa Navier na Stokes, wenye sheria ileile ya nishati na makadirio yaleyale ya jumla, lakini neno la kubebwa likiwa limefanyiwa wastani, na akaonyesha kwamba huo unalipuka katika muda wenye kikomo. Maana yake ni kwamba uthibitisho wowote usioangalia umbo halisi la neno lile, usiojua ni komponenti ipi inabeba ipi na kuelekea wapi, umekwisha kushindwa kabla ya kuanza. Dallas Albritton, Elia Brué na Maria Colombo waliongeza mwaka 2022 kwamba, nguvu ya nje ikiruhusiwa, hata masuluhisho ya Leray si ya pekee. Milango ya jumla inafungwa mmoja mmoja. Iliyobaki wazi ni ya wale wanaohesabu mwelekeo kwa mwelekeo, neno kwa neno, bila kuona haya kwa udogo wa kazi hiyo.

Amkeni basi! Kazi hii haidai maabara wala ruzuku. Inadai subira, na mtu ambaye hachoki kuandika maneno ishirini na saba ya kuzidishana na kuyakagua moja baada ya lingine. Wasimamizi, acheni kuwatisha vijana kwa jina la tuzo. Wapeni chumba kimoja cha lile jedwali. Vijana, acheni kuanza na kurasa arobaini. Chukueni mfumo wa vyumba sita. Chagueni kimoja, mshushe kipeo chake kutoka 5/4 hadi 1, vingine viacheni vilivyo. Zidisheni kila mlinganyo kwa derivativu zinazofaa, jumlisheni nafasi nzima, kila derivativu iliyokosa mnato mjaribu kuikopea kwa sharti la kutobanwa. Yapo maneno yatakayolipika, na lipo moja litakalogoma. Liandikeni hilo kwa wino mwekundu, pamoja na derivativu halisi linayoidai na ya mwelekeo upi, kisha shusheni kipeo cha chumba jirani mwone kama linabaki lilelile au linahama.